NGITILI YETU HAIUZWI

Ndugu wanaushirika,

Tumesikia maneno yanapita kilabuni na mnadani kwamba ngitili ya kijiji ikatwe, mkaa upelekwe mjini, kisha eneo ligawanywe mashamba. Eti ni pori limelala bure! Tunasema hapana, na sababu tunazo.

Sisi wa Shinyanga tunajua nchi isiyo na miti ilivyo. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kufukuza mbung'o. Yakaja mashamba ya pamba, ikaja mifugo mingi. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi za wazee ziliachwa. Vumbi likatutawala, na akina mama wakafuata kuni mbali mno.

Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilibaki kama hekta 600 tu. Mpango ulipofika mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Je, ilitumika saruji? Hapana. Na miti mingi haikupandwa. Watu walifunga maeneo wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, na visiki vikachipua vyenyewe kwa kuwa mizizi ilikuwa hai. Sungusungu wakalinda, mvunjaji akatozwa faini. Basi.

Sasa huyo anayesema pori limelala atujibu. Kiangazi, majani yakiisha kote, ng'ombe wake wanakula wapi? Nyasi za kuezekea, fito, dawa na asali anatoa wapi? Mvua kubwa ikinyesha, kitu gani kinazuia udongo usijaze lambo letu? Hata huko mjini, maziwa wanayokunywa wakati wa kiangazi yametoka kwenye majani haya haya. Gunia la mkaa huuzwa mara moja tu, na faida nono huondoka na mwenye lori. Ngitili huvunwa kila mwaka.

Hatukatai mtu kupata fedha. Mizinga itundikwe, nyasi ziuzwe kwa utaratibu, kuni kavu ziokotwe. Shoka ndilo tunalolikataa.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni Jumamosi saa nne asubuhi. Wote tufike, akina mama na vijana wasibaki nyuma. Wenzetu wa darasa la kisomo wawasomee wasiojua kusoma tangazo hili.

Ngitili ni ghala letu. Mwenye akili hachomi ghala ili aote moto.

MISITU NI MALI!

Katibu