Mipango ya vijiji inapanda, majibu hayashuki

Naomba nami nitoe maoni yangu juu ya kazi ya maafisa mipango na wachambuzi wa miradi katika halmashauri zetu. Watu hawa husemwa sana vijijini, na mara nyingi husemwa kwa lawama tu. Mimi mwenyewe nimepata kuwalaumu. Leo ningependa nieleze kwa nini nimebadili sehemu ya mawazo yangu, na sehemu gani sijaibadili.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Kama ilivyo kawaida, mwalimu ndiye hupewa kalamu panapotokea jambo la kuandikwa. Mwaka 2021 kijiji chetu kilipokaa kupanga vipaumbele vyake, Mtendaji wetu alikuwa akishika vijiji viwili, na Mwenyekiti akaniomba niwe mwandishi wa mkutano. Tulikaa kutwa nzima chini ya mwembe. Wananchi walibishana, wakakubaliana, kisha wakanyosha mikono. La kwanza lilikuwa vyoo vya shule. La pili kisima. La tatu darasa. Baada ya hapo yakafuata mengine ishirini, kwa sababu hakuna aliyetaka la kwake liachwe. Nikaandika yote, tukaweka mhuri, karatasi zikaenda kwenye Kata.

Kwa msomaji asiyejua safari ya karatasi hizo, naomba nieleze kidogo. Mpango wa kijiji huanzia kwenye vitongoji, ukapitia Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Kutoka hapo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, halafu wilayani kwa wataalamu. Huko ndiko afisa mipango hukaa na maombi ya vijiji vyote, akayalinganisha, akayapanga na kuyaingiza katika mfumo wa bajeti wa kompyuta uitwao PlanRep. Baada ya Baraza la Madiwani kupitisha, mpango huenda mkoani, TAMISEMI, Hazina, na mwisho Bungeni. Utaratibu wa kuanzia chini uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo tumekuwa nao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwa maoni yangu ni utaratibu mzuri.

Sasa turudi kijijini kwetu. Tulingoja. Bajeti ya mwaka 2022/23 ilipopita, kilichokuja kilikuwa darasa moja. Hatukukataa darasa, kwani nalo lilihitajika. Lakini vyoo, ambavyo kijiji kizima kilivipa nafasi ya kwanza, havikuja, na hakuna karatasi yoyote iliyotueleza sababu. Katika mkutano uliofuata mzee mmoja alisimama akanielekea mimi, si Mwenyekiti wala Diwani. Akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyekuwa na kalamu." Hakuongeza neno, akakaa. Watu wakanyamaza.

Ndugu Mhariri, maneno hayo yaliniumiza kuliko matusi. Nilikuwa nimeandika kwa uaminifu yale waliyoyasema. Lakini ningewaonyesha nini? Jibu la wilaya halikuwapo. Palipokosekana jibu, watu walijitafutia jibu lao wenyewe. Wengine walisema mwalimu amegeuza orodha. Wengine walisema mikutano ni kupoteza muda, mambo yamekwisha pangwa mjini. Mkutano uliofuata walihudhuria watu wachache mno. Tulipoomba mchango wa mawe na mchanga kwa darasa lile lile tulilopewa, tuliwapata kwa shida. Wakati huo wote wasichana wetu wa darasa la sita na la saba waliendelea kutoroka shule saa nne asubuhi kwenda nyumbani kujisaidia, na wengine hawakurudi siku hiyo.

Mwaka 2023 alifika kijijini afisa mipango mmoja, dada mdogo kwangu kwa umri. Alikuja kukagua darasa. Nilimwamkia kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa na hasira, na nilipopata nafasi nikamwuliza: kwa nini vyoo vyetu vilitupwa? Hakukasirika. Alifungua mkoba wake, akatoa orodha ya shule za wilaya, akanionyesha mstari wa shule yetu. Palikuwa na wanafunzi 412, wavulana 198 na wasichana 214. Matundu ya vyoo yaliyopo, 14.

Akaniuliza, "Mwalimu, namba hii ilitoka kwa nani?"

Ilitoka kwangu. Mimi ndiye mwalimu wa takwimu. Shule yetu ilikuwa na matundu 14 mpaka mvua kubwa za mwaka 2020 zilipoyabomoa sita. Yaliyobaki yalikuwa manane. Lakini siku ile ya kujaza fomu ulikuja ujumbe kwenye simu asubuhi kwamba takwimu zote zihitajike wilayani kabla ya saa nane mchana. Nilikuwa na vipindi. Nikachukua nakala ya mwaka uliotangulia, nikabadili idadi ya wanafunzi, yaliyobaki nikayaacha kama yalivyokuwa.

Dada yule alinifanyia hesabu mbele yangu. Kipimo cha Serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa shule yetu ni matundu 11 ya wasichana na 8 ya wavulana, jumla 19. Kwa namba niliyoandika mimi, upungufu ulikuwa matundu matano. Kwa ukweli wa mambo, upungufu ulikuwa 11. Shule nyingine zilikuwa na upungufu mkubwa kuliko huo wa matano, nazo zikatangulizwa. Yeye hakutupendelea wala hakutuonea. Alipanga kwa haki kufuatana na namba tulizompa, na namba yangu ilikuwa ya uongo.

Alinieleza pia habari ya ukomo wa bajeti. Kila halmashauri hupewa kiwango cha fedha ambacho haiwezi kukivuka, na maombi ya vijiji vyote yakijumlishwa hukipita kiwango hicho mara nyingi. Kijiji kinapoandika mambo 23, kwa kweli hakijachagua. Kimemwachia afisa mipango achague kwa niaba yake. Nilijifunza siku ile kwamba kazi yake si kukaa ofisini na kukata majina ya vijiji kama wengi wetu tunavyodhani. Ni kazi ya kupima shida ya mmoja na shida ya mwingine wakati fedha hazitoshi kwa wote. Hiyo si kazi nyepesi, na mtu anayeifanya kwa moyo anastahili heshima.

Lakini nami nilimwambia la kwangu. Nilimwuliza, "Dada, maelezo haya uliyonipa sasa hivi chini ya mti, kwa nini hatukuyapata mwaka jana?" Akasema gari la idara ni moja na mafuta ni ya kubahatisha, na tena hakuna anayemdai jibu kwa vijiji. Anadaiwa taarifa na wakubwa wa juu: taarifa ya robo mwaka, ya nusu mwaka, na ya mwaka. Za kwenda juu zina tarehe. Ya kurudi chini haina tarehe.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo sijabadili mawazo yangu.

Yafaa tukumbuke historia yetu. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Shabaha ilikuwa njema: wataalamu watoke Dar es Salaam, wasogezwe mikoani na wilayani karibu na wakulima. Lakini halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na mwananchi akakosa mahali pa kumwuliza mtaalamu huyo aliyesogezwa. Sheria mpya za Serikali za Mitaa zilitungwa mwaka 1982 na halmashauri zikarudi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Nami naona fundisho lake ni hili: kumsogeza mtaalamu karibu hakutoshi, kama yule aliye karibu naye hana njia ya kumwuliza na kujibiwa. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema Serikali za Mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani anayo mtu anayeomba bila kuambiwa kwa nini amenyimwa?

Wengine watasema shule ingejitegemea kwa ruzuku yake. Hebu tuhesabu. Ilipoanza elimu bila malipo Januari 2016, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 6,000 ndizo za kuletwa shuleni, nyingine zikiwa za vitabu. Kwa wanafunzi 412 hiyo ni shilingi 2,472,000 kwa mwaka mzima, na ndani yake mna chaki, karatasi, mitihani na matengenezo madogo. Fedha hizo hazijengi matundu 11 ya vyoo. Lazima tuingie katika mpango wa wilaya, na ndiyo sababu mpango huo unatuhusu sisi kama unavyowahusu wataalamu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, natoa mashauri manne.

Kwanza, jibu la maandishi. Kila bajeti inapokwisha pitishwa, kila kijiji kiletewe karatasi moja yenye mambo manne: mliomba nini, kipi kimekubaliwa, kipi hakikukubaliwa na kwa sababu gani, na mfanye nini mwakani. Isomwe katika Mkutano Mkuu wa kwanza baada ya Julai Mosi, kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Sheria inataka mkutano huo uitishwe kila miezi mitatu, hivyo hakuna gharama mpya. Taarifa hiyo ya kurudi chini nayo iwekewe tarehe, na asiyeitoa aulizwe.

Pili, takwimu za kijiji zisomwe mbele ya wananchi kabla hazijapelekwa wilayani. Ningesimama mkutanoni nikasema shule ina matundu 14, mtoto wa darasa la tatu angenisahihisha. Katika Sensa ya mwaka 2022 nilikuwa karani, nami nilikwenda nyumba kwa nyumba nikamsikiliza mwenye nyumba kwa kinywa chake. Ndiyo maana tuliweza kusema kwamba Watanzania ni 61,741,120. Haifai tuwahesabu watu kwa miguu, kisha tuhesabu vyoo vyao kwa nakala ya mwaka jana.

Tatu, afisa mipango apewe mafuta na muda wa kutembelea baadhi ya vijiji bila kutoa taarifa, alinganishe namba za kwenye karatasi na vitu vyenyewe. Na ujumbe wa simu wa kutaka takwimu kabla ya saa nane ukomeshwe. Anayetaka namba ya kweli atoe angalau wiki moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nne, sisi wananchi tujifunze kuchagua. Kijiji kipeleke mambo matatu tu, yaliyopangwa kwa zamu, na kila moja liwe na hesabu yake na mchango wetu wenyewe. Na sisi walimu, watendaji na waganga tunaoshika kalamu tujue kwamba namba ya uvivu ni dhuluma kwa watu tunaowaandikia. Nasema hivyo nikijihesabu wa kwanza.

Msomaji atapenda kujua yaliyotokea baadaye. Nilisimama mkutanoni, nikamweleza mzee yule na wenzake kwamba orodha sikuigeuza, ila namba niliikosea. Haikuwa rahisi. Walinung'unika, lakini mkutano uliofuata walirudi. Tulirekebisha takwimu, wananchi wakasomba mawe na mchanga, na mwaka 2025 yalikamilika matundu sita. Sasa shule ina matundu 14 ya kweli. Bado matano.

Julai 2025 Taifa letu lilizindua Dira ya Maendeleo ya 2050. Ndani yake mna shabaha kubwa, na wataalamu wengi watakaa kuzichambua. Nawaombea kila la heri. Nawaomba tu wakumbuke kwamba namba zao kubwa zimejengwa kwa namba ndogo za kwetu, na kwamba mwananchi aliyejibiwa, hata akijibiwa kuwa fedha hazipo, atakuja mkutano mwingine na jembe lake. Asiyejibiwa hatakuja.

Mwalimu wa Kijijini