Kodi ya Kununua Nyumba Isimzuie Askari Mlangoni Pake

Haba na haba hujaza kibaba. Hivyo ndivyo askari wengi wa Uganda wanavyojipatia nyumba. Mwaka huu yuko Gulu, mwakani Mbarara, baadaye Karamoja. Huku nyuma akiba yake yakua kidogo kidogo katika chama cha Wazalendo, na ya mwenzake wa polisi katika Exodus. Siku akistaafu, nyumba ya kambi huirudisha. Hapo ndipo ajuapo thamani ya paa lake mwenyewe.

Kwa ajili hiyo yatupasa kulitazama kwa makini wazo lizukalo kila miji inapopungukiwa na fedha, kwamba halmashauri nazo ziruhusiwe kumtoza kodi kila anunuaye nyumba. Mimi nalipinga wazo hilo.

Kwanza, mnunuzi tayari analipa. Kabla jina lake halijaingizwa katika hati, hudaiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani ya mali. Kwa nyumba ya shilingi milioni 80, hizo ni shilingi 1,200,000. Halmashauri ikiongeza asilimia moja tu, atatafuta 800,000 nyingine, tena siku ile ile ambayo mfuko wake umekwisha kukaushwa na bei ya nyumba na malipo ya wakili.

Pili, kodi hiyo itawafanya watu waikimbie ofisi ya ardhi. Hata sasa wananchi wengi hununua kwa mkataba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa LC 1, wakaishia hapo. Gharama ikizidi, watazidi na wao. Wengine watataja bei ya uongo. Ni nani atakayeumia? Askari akifariki, mjane wake hubaki na karatasi, na hati ingali na jina la muuzaji. Watoto wa muuzaji wakija kudai kiwanja, mama huyo atajitetea kwa nini? Ndugu zetu polisi wanajua vyema jinsi ugomvi wa ardhi unavyogeuka kuwa kesi ya mauaji.

Tatu, jambo hili limekwisha kujaribiwa kwingine. Mji wa Toronto, Kanada, ulianza kutoza kodi ya namna hiyo Februari 2008, juu ya ile ya jimbo. Watafiti Dachis, Duranton na Turner walipima matokeo yake, wakaona kwamba kodi ya kiasi cha asilimia 1.1 ilipunguza mauzo ya nyumba kwa asilimia 15 hivi, na bei zikashuka kwa kadiri ya kodi yenyewe. Maana yake, mzee auzaye nyumba ili arudi kijijini hupunjwa, na kijana anayehamishwa kikazi hushindwa kuhama.

Hapana shaka miji yahitaji fedha za barabara, mitaro na kuzoa taka. Lakini sheria ya mwaka 2005 imekwisha kuziruhusu halmashauri kutoza kodi ya majengo, na marekebisho ya 2006 yakaisamehe nyumba akaayo mwenyewe. Basi na yaorodheshwe kwa uaminifu majengo yote ya biashara na ya kupangisha, na kodi yake ikusanywe bila kuogopa wakubwa. Hiyo hulipwa kila mwaka na mwenye kupata faida, wala haimsubiri mtu siku anapohamia.

Ni kweli kwamba sheria ya 2008 iliwasamehe wanajeshi, polisi na magereza kodi ya huduma za mitaa. Hapa hatuombi msamaha wa peke yetu. Mwalimu na muuguzi nao hujenga kwa kibaba.

Katiba, kifungu cha 152, yasema kodi haitozwi ila kwa idhini ya sheria ya Bunge. Wazo hili likifika huko, ambako jeshi nalo lina wawakilishi wake, likataliwe. Aliyelinda nyumba za wengine ujana wake wote asizuiwe mlangoni pa nyumba yake.