Nani aliandika zile d r m za ubaoni?



Kisha mkutano wa juma lililopita, mama mmoja wa korali aliniuliza ulizo ambalo naona linawahusu wengi. Alisema: «Mwalimu, tunaimba miaka yote hii. Maestro anaandika d r m f ubaoni, sisi tunafuata mdomo wake. Akisafiri, korali inanyamaza. Zile herufi ni kazi ya wanaume, ao na sisi tunaweza kuzisoma?»

Mama, jibu litakufurahisha. Zile herufi zilipangwa na mwanamke, tena mwalimu, kwa ajili ya watoto wa watu wa kawaida. Lakini tuanze mbali kidogo.

Zamani huko Ulaya, nyimbo za kanisa zilifundishwa kwa sikio tu. Kulikuwa na alama ndogo juu ya maneno zinazoonyesha kwamba sauti inapanda ao inashuka, lakini hazikusema inapanda kiasi gani. Kwa hiyo mtu ambaye hajasikia wimbo hakuweza kuuimba. Karibu na mwaka 1030, mtawa mmoja wa Italia, Guido wa mji wa Arezzo, alichoka kuona watoto wanahangaika. Aliandika kwamba watu walimaliza miaka 10 wakijifunza na bado hawakujua vizuri, lakini kwa njia yake waliweza kujua kwa mwaka mmoja ao miwili.

Njia yake ilikuwa nini? Alipanga noti juu ya mistari, kila mstari na kimo chake cha sauti. Tena alichukua wimbo mmoja wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Kila kipande cha wimbo ule kinaanza hatua moja juu ya kile kilichotangulia. Silabi za kwanza za vipande hivyo ni ut, re, mi, fa, sol, la. Mtoto akikumbuka wimbo, anakumbuka ngazi ya sauti. Si iliongezwa baadaye, na ut, ambayo ni ngumu kuiimba, ikageuzwa kuwa do katika karne ya 17. Mistari nayo ikawa mitano, ile tunayoiona leo katika vitabu vya muziki.

Kuandika muziki kulileta jambo kubwa: wimbo uliweza kubaki hata kama aliyeutunga amekufa. Hapa nataka mumjue mama mmoja. Mtungaji Johann Sebastian Bach wa Ujerumani anajulikana dunia yote. Mke wake wa pili, Anna Magdalena, alikuwa mwimbaji wa kulipwa katika jumba la mtawala walipooana mwaka 1721. Alizaa watoto 13, na 6 tu ndio waliofika utu uzima. Kati ya mimba, misiba na kazi za nyumba, alikuwa akikaa na kalamu na kunakili muziki wa mume wake. Bach alitunga nyimbo sita za ala kubwa ya nyuzi inayoitwa selo, inayopigwa mtu akiwa ameketi. Karatasi alizoandika Bach mwenyewe zilipotea. Nakala ya mkono wa Anna Magdalena ni moja ya zile zilizotufikishia muziki huo. Bach alikufa mwaka 1750. Mjane wake aliishi kwa msaada na akafa katika umaskini mwaka 1760, lakini kazi ya kalamu yake ingali inapigwa.

Sasa tufike kwa herufi zetu. Noti za mistari mitano ni nzuri, lakini zinataka muda na karatasi yenye mistari. Huko Uingereza, katika mji wa Norwich, aliishi Sarah Glover, binti wa mchungaji, aliyezaliwa mwaka 1786. Alifundisha watoto kuimba, naye aliona kwamba mtoto hahitaji kwanza kujua alama zote ngumu. Anahitaji kujua hatua za ngazi. Basi alichora ngazi ya kutundika ukutani, akaweka do, re, mi mpaka juu, na mtoto aliimba akifuata kijiti cha mwalimu. Ili kuandika upesi, alitumia herufi ya kwanza tu ya kila jina. Hapo akakuta shida: sol na si zote zinaanza na s. Akageuza si kuwa ti. Ndiyo maana ubaoni munaona d r m f s l t. Kitabu chake kilitoka mwaka 1835.

Kisha mchungaji John Curwen alichukua njia ile, akaibadilisha na kuieneza sana. Yeye mwenyewe alisema kwamba ilianza kwa Sarah Glover, lakini watu wengi walishika jina la Curwen peke yake. Wamisionari waliibeba mpaka Afrika. Huko Afrika Kusini, mwalimu Enoch Sontonga aliandika nyimbo zake kwa herufi hizo katika kaye ya shule. Mmoja wao, wa mwaka 1897, ndio sauti ya wimbo wa taifa wa majirani zetu wa Tanzania. Ona basi: herufi saba, kaye moja, na wimbo ukavuka mipaka.

Sasa chukueni biki, tujifunze alama chache. Hazizidi zile za kusoma bei sokoni.

Kwanza, herufi. Ni hatua saba za ngazi. Ukifika ya nane unakuta do tena, lakini ya juu. Umbali ule kutoka do mpaka do unaitwa oktava. Alama ndogo juu ya herufi inaonyesha kwamba ni sauti ya oktava ya juu. Alama ndogo chini yake inaonyesha ya chini.

Pili, pigo. Pigo ni kama mguu unapotembea ao mchi unapotwanga: unarudi kwa kipimo kilekile. Mstari wa kusimama unaonyesha mahali pa pigo zito. Nukta mbili zinatangulia pigo jepesi. Kistari kinasema: endelea kushika sauti, usiiachilie. Nukta moja inagawa pigo nusu kwa nusu. Kwa hiyo mukiona

| d : d | r : – |

mutaimba do pigo moja, do pigo moja, kisha re kwa mapigo mawili. Mumeshasoma.

Tatu, sauti nne. Soprano ni wanawake wa juu, alto ni wanawake wa chini, tenori ni wanaume wa juu, besi ni wanaume wa chini. Kila sauti ina mstari wake wa herufi, na herufi zilizopangana chini kwa chini zinaimbwa wakati mmoja. Zikikaa vizuri pamoja, tunasema kuna upatanifu.

Nne, lile jambo linaloleta ugomvi kati ya korali na mpiga kinanda. Kinanda kina do moja isiyohama. Ndivyo Wafaransa na Wabelgiji walivyotufundisha shuleni. Lakini do ya Sarah Glover inahama. Ni kama mwanzo wa ngazi: unaweza kuegemeza ngazi chini kabisa ao juu ya meza, hatua zinabaki zilezile. Wimbo ukiwapanda sana, munashusha do, na herufi hazibadiliki. Juu ya karatasi mara nyingi mutaona «Do = G». G ni jina lingine la sol ya kinanda. Maana yake ni kwamba do ya korali inaangukia sol ya kinanda, re inaangukia la, mi inaangukia si. Hakuna aliyekosa. Kila mmoja anahesabu kutoka mlango wake.

Kwa nini ninawasumbua na mambo haya, wakati kuna unga wa kutafuta na masomo ya kulipa? Ni kwa sababu ninaona nyimbo zetu zinakufa. Katika kila kikundi kuna mama mzee aliyetunga wimbo wa msiba, wa arusi ao wa kubembeleza mtoto. Tunauimba pamoja naye. Siku akiondoka, tunabaki na nusu: mmoja anakumbuka mwanzo, mwingine mwisho, na katikati tunabishana. Hakuna aliyeuandika. Maneno pengine yako katika kaye, lakini sauti ilikwenda naye kaburini.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Nyumbani, chora ngazi ya vidato vinane chini kwa makaa ao chaki, mtoto aruke akiimba do, re, mi, kila jioni dakika 10. Mabinti waanze pamoja na wavulana, wasiachwe kufua wakati ndugu zao wanajifunza. Katika korali, mwombeni maestro awaachie chaki: kila juma mama mmoja aandike mstari mmoja ubaoni, wengine wausome kabla ya yeye kuimba. Tena katika chama, tuchague kaye moja. Juu yake tuandike jina la mama aliyetunga, kisha maneno, kisha d r m yake. Tukianza na wimbo mmoja kwa mwezi, mwisho wa mwaka tutakuwa na nyimbo 12 ambazo hakuna kifo wala safari ya maestro itakayozinyamazisha.

Tena tusisahau kuandika lile jina. Sarah Glover alifundisha dunia kuimba, na wengi wanaoandika herufi zake kila Jumapili hawajawahi kusikia anaitwa nani.

Wenye ulizo waniletee kwenye mkutano wa chama. Ubao utakuwa tayari, na ngazi nitaichora mimi.