Mgeni wa Juu ya Maji ni Mgeni wa Nani?



Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tungependa mwezi huu kulisema jambo ambalo mimbarini husemwa nusu yake tu. Kila ufikapo msimu wa watalii, khatibu humlaani mgeni aliyepita kijijini nusu uchi. Waumini huitikia kwa vichwa. Swala ikiisha, baadhi ya walioitikia huteremka pwani kumvusha mgeni yule yule kwa mashua na kupokea fedha yake, na katika safari nzima ya kwenda na kurudi hapana anayemwambia neno. Jioni hulaaniwa tena barazani.

Hatuandiki haya kumtetea aendaye uchi. Sitara ni amri, na mwenye kuivunja mbele ya watu kavunja. Tunaloliuliza ni hili: mgeni huyu kafikia kwa nani? Ni nani aliyempokea, akamkalisha, akamweleza ada za mji? Maana katika dini yetu na katika mila za pwani hii hapana mgeni pasipo mwenyeji, na mgeni akikosea, wa kwanza kuulizwa ni aliyempokea.

Swali hili limezidi uzito kwa sababu ya aina ya hoteli iliyoenea duniani, nayo ni vijumba vya juu ya maji. Asili yake si kwetu. Vya kwanza vilijengwa mwaka 1967 na Wamarekani watatu katika kisiwa cha Raiatea, Polinesia ya Kifaransa, mahali ambapo hoteli yao haikuwa na ufukwe wa mchanga wa kujivunia. Wakaona bora wamlaze mgeni baharini penyewe. Kutoka huko mtindo ukasambaa hadi Maldivi, nchi ya Waislamu, ambako hoteli ya kwanza ya kitalii ilifunguliwa mwaka 1972. Katika bahari yetu, mwaka 2013 hoteli moja ya kaskazini mwa Pemba ilifungua chumba kinachoelea, ambacho mgeni hulala chini ya maji akiwatazama samaki kwa dirisha. Songo Mnara vijumba hivyo havijafika. Lakini maji ya baina ya visiwa vyetu ni matulivu, mikoko imeyazunguka, magofu yanajulikana ulimwenguni, na meli za utalii zimekwisha kuzoea kutia nanga Kilwa. Ni heri kusema kabla nguzo hazijachimbiwa.

Hebu tumtazame mgeni wa nyumba hizo. Hushuka ndegeni, akapandishwa boti, akafika gatini akapewa kitambaa baridi na kinywaji. Huvuliwa viatu, akapitishwa juu ya daraja la mbao hadi mlangoni pake. Chumbani sakafu ina kioo cha kutazamia samaki, na ngazi inatoka barazani kwake moja kwa moja hadi baharini. Chakula huletwa. Anaweza kukaa siku saba asimwone mtu wa nchi ile ila yule aliyevaa sare na kufundishwa kutabasamu. Hilo ndilo analoliuziwa kwa bei kubwa, kwamba hatasumbuliwa na mtu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hana wa kumpa jembe, wala hana wa kumwambia kwamba leo ni Ijumaa.

Adabu zimo, tusiseme uongo. Katika nyumba hizi mgeni husomeshwa kanuni: asikanyage matumbawe, asiokote makombe, asiwalishe samaki, asipige kelele usiku akamsumbua mgeni wa kijumba cha pili. Kanuni njema hizo, na tungeona haya kuzidharau sisi wa pwani ya Kilwa na Lindi, ambao kwa miaka mingi tulivumilia wenzetu kulipua matumbawe hayo hayo kwa baruti. Lakini tazama kanuni zinamlinda nani. Zinamlinda samaki, na zinamlinda mgeni mwingine mwenye fedha. Mama aliyeinama na mkuki wake maji yanapokupwa, akitafuta pweza chini ya ngazi ile, hakutajwa. Mzee anayesikiliza adhana ng'ambo ya mlango wa bahari hakutajwa. Wala si kosa la mgeni kwamba hawakutajwa. Hakukuwa na mwenyeji wa kuwataja.

Pwani hii ilipokuwa na akili zake haikupokea wageni namna hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakienda kwa vyombo vidogo hadi kwenye marikebu, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na kutamka kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni yule hakulala ila kwa mwenyeji huyo. Bidhaa zake ziliuzwa kwa mkono wa mwenyeji, na aliyemdhulumu mgeni kwa bei ndogo, au aliyemuuzia jambo mwenyeji asipokuwapo, biashara yake haikuhesabiwa. Sahani ile ilikuwa mkataba. Mgeni alipata dhamana ya mali na nafsi, na mji ulipata mtu wa kumuuliza mgeni akivunja ada. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alipelekwa kwa kadhi.

Kisha akaja Kilwa, zama za Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa kwake. Anasimulia kwamba sultani alitoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani alirudi nyumbani kwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Sehemu ya pili ya kisa ina watumwa na pembe za ndovu waliotolewa juu ya nguo zile, na hatuna haja ya kuipamba. Walikuwa wanadamu na zama zao. Tunachokitaka ni kwamba mgeni masikini alimfikia mwenye mji njiani, wakasemezana ana kwa ana.

Nyumba za Songo Mnara zinasema hayo hayo. Mji ule wa karne ya 14 hadi ya 16, kwa hesabu ya UNESCO, una misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba za kuishi zipatazo 33 ndani ya ukuta wake. Anayeingia katika nyumba kubwa hushuka ngazi hadi uani, na ngazi zile zilifaa kukaliwa kama mabaraza. Vyumba vya ndani viko nyuma zaidi. Mgeni alikuwa na mahali pake na mipaka yake. Alikaribishwa kweli, na palikuwa na mlango ambao hakuupita. Kijumba cha juu ya maji kimegeuza mambo: mgeni amepewa chumba cha ndani kabisa, na mwenyeji ndiye aliyebaki nje.

Rejeeni Suratun Nuur kuanzia aya ya 27. Allah (S.W.) anawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake ruhusa na kuwasalimia wenyewe. Aya ya 29 inaondoa dhambi kwa nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake mna manufaa, na katika mifano ya wafasiri zimo nyumba za wasafiri. Basi nyumba ya wageni ina nafasi katika sheria yetu. Kisha angalia kinachofuata mara moja, aya ya 30: wanaume waumini wanaamrishwa kuinamisha macho yao. Amri ya sitara ya wanawake inakuja baada ya hapo. Mpangilio huu vijana wetu wa ufukweni wameusahau, wale wanaokaa juu ya ngalawa mchana kutwa wakimtazama mgeni na kumpiga picha kwa simu, kisha wakaja msikitini kulalamika kwamba ameonekana. Uchi wa mgeni ni dhambi yake. Jicho ni lako.

Wako watakaosema: tufanye kama Maldivi, mgeni kisiwani kwake na mwenyeji kisiwani kwake, pombe huko na swala huku. Tumelitafakari shauri hili na hatulikubali. Anayeibeba sinia ya pombe katika kisiwa cha hoteli ni nani, kama si kijana wa Kiislamu aliyevuka kutoka kisiwa cha swala? Nchi ile ilijaribu kuyatenganisha, na mwezi Disemba 2011 maandamano ya kudai maadili yaliifanya serikali kufunga kwa muda nyumba za kukanda mwili mahotelini, kisha ikazifungua baada ya siku chache. Bahari haikutenga kitu.

Na lipo la mwaka 2010 linaloumiza zaidi. Katika hoteli moja ya huko, mume na mke kutoka Uswisi walilipia sherehe ya kukumbushia ndoa yao. Mfanyakazi aliyeisimamia, kwa sauti ya mtu anayesoma dua, akawatukana kwa lugha ya nchi, akiwaita nguruwe na makafiri, nao wakitabasamu bila kuelewa. Picha za tukio zikaenea duniani, na serikali ikalazimika kuomba radhi. Wapo Waislamu waliocheka. Sisi tunasema yule mtu alifanya khiyana mara mbili: alipokea ujira wa kumkirimu mgeni, na alivaa sura ya ibada ili amtukane. Nabii Lut (A.S.) aliwaomba watu wake wasimfedheheshe mbele ya wageni wake, na wageni wale hakuwajua ni akina nani. Kwa kadiri hiyo heshima ya mgeni ni heshima ya mwenyeji.

Nasi tusijione salama. Mwezi Agosti 2013, mwishoni mwa Ramadhani, wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja Unguja kufundisha kwa kujitolea walimwagiwa tindikali Mji Mkongwe. Awe aliyetenda ni nani na sababu yake ni ipi, hakuna kipengele cha dini hii kinachomsitiri. Mimbari inayomlaani mgeni mwaka mzima bila kumsemesha hata mara moja na ijiulize inachokipanda vifuani mwa wenye akili ndogo.

Tuje kwa wageni wa magofu yenyewe, maana hao tunao tayari. Mgeni huteremka majini, akapita katika tope na mikoko, akaingia mjini. Mihrabu anaiegemea kupigwa picha. Anakanyaga juu ya makaburi, jambo ambalo Mtume (S.A.W.) alilikataza hata kwa kukaa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliandikwa urithi wa dunia mwaka 1981, zikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na sasa usimamizi umo mikononi mwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Msikiti na nyati chini ya ofisi moja! Hatuwalaumu, wanatunza, na bila matunzo kuta zile zingeshukia baharini. Lakini mtunza kuta si mwenyeji wa msikiti. Ni sisi tuliotakiwa kumwambia mgeni kwa upole kwamba hapa paliswaliwa, pale pamelazwa watu, jifunike mabega, usiketi juu ya kaburi. Asilimia kubwa ya watu hukubali wakiambiwa vizuri. Mwongoza wageni ambaye ni Mwislamu na akanyamaza kwa kuogopa kukosa bahashishi, huyo ndiye wa kusemeshwa mimbarini.

Basi likija shauri la vijumba vya juu ya maji, tusilipokee kwa kelele wala kwa kusujudia fedha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mwenye kutaka kujenga majini aulizwe kwanza amepata wapi kibali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wenu. Huko ndiko pa kusema njia ya kina mama kwenda mwambani isifungwe, maji machafu yasiteremke chini ya nguzo, pombe isivuke kuja kijijini, na kila mgeni anayekanyaga nchi kavu apokewe na mtu wa kijiji aliyeteuliwa, mwenye jina na wajibu, atakayejibu kwa ajili yake kama walivyojibu wale wenye sahani.

Katika mikutano mingi ya namna hii wanaume wa msikitini hawahudhurii, kisha hulalamika nguzo zikishasimama. Mkutano ukiitishwa, nendeni, na kina mama waende, kwa kuwa mwamba ni shamba lao. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kutiwa saini, na masharti ya ugeni yaandikwe humo pamoja na mipaka na kodi. Mwekezaji akisema wageni wake hawatayakubali, hilo nalo liandikwe, na tarehe.

Wabillahi tawfiq.