Plastiki inapojifanya homoni

Wadau, wiki hii tumezama kwenye seli za MCF-7, na mi nina la kusema.

Kwa msiosoma baiolojia: hizi ni seli za saratani ya matiti zilizotoka kwa mgonjwa mmoja Marekani, zikatangazwa mwaka 1973. Mpaka leo zinakuzwa maabara nyingi duniani. Ukiziweka kwenye seramu iliyoondolewa homoni, zinatulia. Ukizipa estrojeni, zinaongezeka. Kwa hiyo ni kipimo kizuri: unaweka kemikali unayoishuku, unasubiri siku kama sita, unahesabu. Zikizidi sana zile ambazo hazikupewa kitu, huenda kemikali hiyo inaiga estrojeni.

Sasa kisa chenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walikuta seli zimeongezeka kwenye visahani vyote, hata visivyo na estrojeni! Walihangaika miezi kibao mpaka wakamkamata mchawi: nonilfenoli, iliyokuwa inavuja kutoka kwenye mirija ya plastiki ya kuhifadhia seramu. Wakachapisha mwaka 1991. Mtengenezaji alipoulizwa amechanganya nini humo, akagoma. Eti siri ya biashara.

Hapo ndo ninapokereka. Mwaka 1993 watafiti wa Stanford nao walionyesha kwamba bisfenoli A inavuja kwenye chupa za polikaboneti zikipashwa moto, na inaiga estrojeni. Umoja wa Ulaya ulikuja kuipiga marufuku kwenye chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Miaka 18, jamani!

Najua mtasema kisahani cha maabara si mwili wa mtu. Kweli kabisa. Mwilini kuna ini linalozivunja kemikali hizi, na kiasi kinachotufikia ni suala jingine. Seli kuongezeka kwenye kisahani hakuthibitishi kwamba kopo lako litakupa saratani, kwa hiyo msianze kutishana mabwenini. Ila kama wataalamu wenye maabara yao walihangaika hivo, mama anayemiminia mwanawe uji wa moto kwenye kikombe cha plastiki atajuaje?

Msimamo wangu: anayetengeneza chombo cha chakula alazimishwe kisheria kutaja kilichomo, na kipimwe kabla hakijafika sokoni. Siri ya biashara isiingie mpaka kwenye uji wa mtoto.

Mnaonaje? Hasa nyie mnaosoma sheria, nawasubiri.