Homa Si Malaria

Katika vijiji vya Migori na Homa Bay, wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba hadi nyumba wakihimiza matumizi ya vyandarua na kuwapima wagonjwa kwa tone la damu. Chanjo ya malaria nayo ilizinduliwa nchini Kenya huko Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019. Hata hivyo, juhudi hizi hudhoofishwa na matumizi ya lugha. Aghalabu mtoto akichemka mwili, husemwa "ana malaria" kabla ya kupimwa. Ilhali homa ni dalili tu. Malaria ni ugonjwa uenezwao na mbu. Maneno haya yakichanganywa, mtoto mwenye nimonia hupewa dawa isiyomfaa, na chanjo hulaumiwa kwa homa isiyoihusu. Basi wanaistilahi wasijifungie maktabani; wamwandalie mhudumu wa kijijini Kiswahili kinachotenga dalili na ugonjwa.