Santuri Haikupotea, Iliachwa

Kumezuka mtindo miongoni mwa wapenzi wa jazi, na wenzetu wa hapa visiwani hawakusalimika nao, wa kusimulia jinsi mtu alivyoipata santuri kubwa ambayo ati ulimwengu ulikuwa umeisahau. Masimulizi hayo hupambwa kwa maneno ya bahari: lulu iliyozama, hazina iliyoibuliwa, jahazi lililokutwa chini ya maji. Msimulizi hutembea kifua mbele mithili ya mzamiaji aliyerudi salama, na sisi wasikilizaji hutakiwa tumpongeze kwa pumzi zake. Nami nasema, tena bila ya kumung'unya maneno, kwamba santuri hazizami. Huachwa. Na kila kilichoachwa kina mwachaji.

Tumtazame mpiga saksafoni Tina Brooks. Kati ya mwaka 1958 na 1961 alirekodi santuri nne kwa jina lake katika kampuni ya Blue Note ya New York. Moja tu, True Blue, ndiyo iliyotoka naye yu hai. Tatu zilibaki ghalani. Brooks alifariki mwaka 1974, naye akiwa na umri wa miaka 42, na kazi hizo zilianza kutolewa baada ya yeye kwisha kuzikwa. Leo husifiwa kuwa ni uvumbuzi. Zimevumbuliwa kutoka wapi? Kanda zilikuwa rafuni, zina tarehe, zina majina ya wapigaji. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuzitoa.

Au tutazame tamasha la Thelonious Monk na John Coltrane lililofanyika Carnegie Hall tarehe 29 Novemba 1957. Lilirekodiwa na Sauti ya Amerika, yaani redio ya serikali, kisha kanda zikawekwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Zilitambuliwa mwaka 2005, na santuri ikatoka mwaka huo huo. Miaka 48! Muziki wa mabingwa wawili wa karne ulikuwa umelala ndani ya moja ya maktaba kubwa kabisa duniani, penye orodha na wafanyakazi, na hakuna aliyeuliza. Kitu kikiwa maktabani hakiitwi kilichopotea. Huitwa kisichosomwa.

Nimeutaja usiku ule kwa sababu ya mtu mmoja aliyesimama nyuma ya Monk na Coltrane akipiga besi. Jina lake ni Ahmed Abdul-Malik, mzaliwa wa Brooklyn, mwaka 1927. Wanaolinunua tamasha lile hulinunua kwa majina mawili ya mwanzo, na huyu humpita kama mpita njia ampitavyo bawabu. Ilhali mwaka 1958, mwaka mmoja tu baada ya usiku ule, Abdul-Malik alirekodi santuri yake iitwayo Jazz Sahara. Humo, pamoja na besi, ameshika udi. Pembeni mwake kuna kanuni, fidla, darbuka na dufu, na juu ya vyote hivyo inapaa saksafoni ya Johnny Griffin.

Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa zaidi. Udi, kanuni na fidla! Wasikilizaji wa Chicago na Paris ilibidi waelimishwe kwamba kuna sauti zinazokaa kati ya sauti mbili za piano. Mzanzibari hakuhitaji somo hilo. Nadi Ikhwan Safaa imeanzishwa mwaka 1905, na tangu hapo mtoto wa mji huu hulala na kuamka na maqamu masikioni. Ikiwa pana watu katika dunia waliokwisha tayarishwa kuisikia Jazz Sahara, watu hao ni sisi. Lakini mpenzi wa jazi wa kwetu ukimwuliza santuri zake kumi bora, atakusomea orodha ile ile iliyoandikwa na watu wasioijua kanuni wala dufu. Amepewa masikio na wazee wake, kisha anaazima masikio ya jirani.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, maana Abdul-Malik alikuwa na rafiki wa tangu utotoni huko Brooklyn, mpiga piano Randy Weston, na kwa Weston jambo hili linaacha kuwa la ladha na kuwa la haki.

Mwezi wa Novemba 1960, katika mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilijitawala, Weston aliwakusanya mjini New York wanamuziki zaidi ya 20. Miongoni mwao walikuwamo Yusef Lateef, Max Roach, Clark Terry, Babatunde Olatunji wa Nigeria, na Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba. Aliyepanga sauti za vyombo vyote hivyo ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni hodari. Maneno yaliandikwa na Langston Hughes. Santuri ikaitwa Uhuru Afrika. Sehemu yake ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", na ya mwisho "Kucheza Blues". Na kabla ya tarumbeta hata moja kulia, juu ya ngoma, inasikika sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akilisema shairi la Hughes ambalo yeye mwenyewe amelitia katika Kiswahili.

Tafadhali, msomaji, isome tena tarehe. Novemba 1960. Bendera ya Tanganyika ilikuwa bado miezi 13 kupandishwa, na ya Zanzibar miaka mitatu. Kiswahili kilikuwa bado lugha ya watu waliotawaliwa. Na tayari mjini New York kilikuwa kimepewa nafasi ya ufunguzi katika moja ya kazi kubwa za muziki wa watu weusi. Kwa masimulizi ya Weston mwenyewe, alitaka lugha ya Kiafrika kwa sababu alichoshwa na filamu za Tarzan ambazo Mwafrika ndani yake hufumbua kinywa akatoka mlio. Alikwenda kwa wanadiplomasia wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa akauliza achukue lugha gani. Wakamwambia: Kiswahili.

Basi naomba niulize. Ni nani katika walimu wetu wa fasihi aliyemfundisha mwanafunzi kwamba Langston Hughes alifasiriwa Kiswahili na kusemwa kwa Kiswahili katika mwaka 1960? Tunahesabu tafsiri zetu kwa fahari, na inastahiki. Tunamtaja Nyerere na Juliasi Kaizari yake ya mwaka 1963. Sanga alitangulia kwa miaka mitatu, naye akaisema tafsiri yake juu ya ngoma, kama ushairi ulivyosemwa kabla ya karatasi. Mimi sikupita chuo kikuu. Tafsiri nimejifunza kwa kufasiri na ushairi kwa kutunga. Kwa hiyo sitashangazwa nikiambiwa kwamba hili si jambo la mtu wa aina yangu kulisema. Ila lingesemwa na wenye vyeti, nami ningekaa kimya.

Najua nitakavyojibiwa, kwani majibu yenyewe nimeshayasikia, nayo ni matatu.

La kwanza: haikutufikia. Mwaka 1960 nani hapa angeipata santuri kutoka New York? Neno hili lina ukweli wake, nami silipuuzi. Santuri ilikuwa ghali na bahari ni pana. Lakini santuri za Umm Kulthum na za Abdel Wahab zilifika kutoka Misri, na za Cuba zilifika hadi bara na kuwafunza mabingwa wetu wa dansi. Meli zilileta kilichoagizwa. Na hata tukiisamehe miaka ile, je, hii ya leo? Uhuru Afrika imetolewa upya zaidi ya mara moja, na kijana mwenye simu anaweza kuisikia kwenye intaneti akiwa barazani Forodhani. Udhuru wa bahari umekwisha muda wake.

La pili: jazi si yetu. Hili linatoka katika vinywa vya watu waliokulia katika nchi ambayo bendi zake zilijiita Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz. Jina tulilikaribisha sebuleni, tukalivisha rumba, tukacheza nalo hadi alfajiri. Wala sina ugomvi na hilo, kwani muziki uliozaliwa humo ni mali isiyo na bei. Ugomvi wangu ni kwamba aliyekubali jina hawezi tena kudai kwamba mwenye jina ni mgeni asiyemjua. Aidha, kama saksafoni si yetu, je, na maneno ya Kiswahili yaliyoko mwanzo wa santuri ile si yetu pia? Tukiyakana, tutakuwa watu wa kwanza kuikana lugha yetu pale inapoheshimiwa na wengine.

La tatu ni zito, na linatoka kwa watu ninaowastahi. Wanasema: Wamarekani weusi walikichukua Kiswahili kama pambo. Babu zao hawakutoka pwani hii; wengi walitekwa Afrika ya Magharibi, kuliko na lugha nyingine. Tena Kiswahili kilikuwa pia lugha ya misafara ya watumwa iliyoteremkia bandarini petu. Pana nini, basi, cha kujivunia ikiwa mjukuu wa mtumwa ameazima lugha iliyosemwa na wafanya biashara ya watumwa?

Nimelitafakari neno hili kwa muda mrefu, nami naona ndani yake hoja ya kuitetea santuri. Ni kweli kwamba Weston hakukirithi Kiswahili. Alikichagua. Lugha ya urithi mtu hupewa bila ya kuulizwa. Ya kuchagua huifuata kwa miguu yake, naye Weston aliifuata mpaka milango ya Umoja wa Mataifa. Na kwamba lugha hii ilibeba minyororo, sisi wa visiwa hivi ndio tusioruhusiwa kulisahau. Kwa hiyo kinywa kilichoitumia kutangaza uhuru, mbele ya wajukuu wa waliouzwa, kiliitendea lugha yenyewe jambo ambalo hakuna kamusi wala baraza lingeweza kuitendea. Utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini ulilielewa hilo upesi kuliko sisi: mwaka 1964 uliipiga marufuku santuri ile. Dhalimu hapigi marufuku pambo.

Wapo pia wanaolalamika kwamba kuisikia kazi kama hii baada ya miaka sitini na zaidi ni kuchelewa, na kwamba wakati wake umepita. Mimi nimeisikia nikiwa nimeshavuka miaka hamsini, wala siombi radhi. Kazi ya sanaa si samaki. Utenzi wa Al-Inkishafi ulitungwa karne mbili zilizopita au karibu yake, na hakuna anayemwambia mwanafunzi wa leo kwamba amechelewa. Sikio lililokomaa husikia yale ambayo la ujanani lingeyaruka: namna Liston anavyoacha nafasi kati ya tarumbeta na filimbi, namna "African Lady" inavyoimbwa na Martha Flowers na Brock Peters bila ya haraka, kama watu wanaosindikiza mgeni wa heshima. Aibu haimo katika kuchelewa. Imo katika kufika, ukaelezwa, ukaona, kisha ukarejea kwenye orodha yako ya kumi bora kama kwamba hukuambiwa kitu.

Ninachokitaka hakigharimu fedha nyingi. Maneno ya Sanga yaandikwe kutoka kwenye santuri, neno kwa neno, na yachapishwe pamoja na jina lake na la Hughes, kwa idhini ya wenye haki. Diwani yoyote inayodai kukusanya tafsiri za mashairi katika Kiswahili iyape ukurasa. Wenzetu waliogombana miaka ya sabini juu ya vina na mizani, tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, na wanafunzi wao wanaoendeleza ugomvi huo hadi leo, wakae waisikilize sauti ile ya mwaka 1960 kisha watuambie inasimama upande gani. Redio zetu, ambazo kila Desemba hutafuta nyimbo za uhuru, ziifungulie siku kwa "Uhuru Kwanza". Na mpiga kanuni mmoja, mmoja tu, aishike Jazz Sahara kwa nia ya kuijibu, kama mshairi ajibuvyo shairi.

Na hayo yasipofanyika, basi yatafanywa na wengine. Siku moja atakuja mtafiti wa kigeni, atalichapisha shairi la Sanga kwa maelezo ya Kiingereza, na jalada litaandikwa kwamba ni uvumbuzi. Sisi tutaalikwa kwenye uzinduzi. Tutapiga makofi, tutakula sambusa, na tutarudi majumbani tukisifu jicho la mgeni, ilhali maneno yaliyovumbuliwa ni yale tunayoamkiana nayo kila siku.

Weston alifariki mwaka 2018, Liston mwaka 1999, Abdul-Malik mwaka 1993. Hawatungoji. Santuri zao zipo, zinasikika, na moja kati yao inaanza kwa lugha yetu. Aliyeitwa kwa lugha yake akanyamaza, asiseme hakuitwa.